Bastola ya Bi Salha na Swali la Tisa

Kitendawili!

Mbona kimya? Haya, angalau mmoja wenu aseme tega, nisijitegee peke yangu. Sasa sikilizeni: hana jino, hana kucha, na mji mzima umejifungia ndani kwa sababu yake.

Simba? Simba ana vyote viwili, mwanangu. Upepo? Upepo haumfanyi mtu auze mlango. Maradhi? Umekaribia, lakini sivyo. Mmeshindwa, nipeni mji. Siutaki wa mbali wenye maghorofa, nipeni huu huu wetu. Ahsanteni. Nimekwenda katika mji huo, nimekaa humo miaka sabini na mitatu, nimekula mihogo yake na foleni zake, na jibu nimerudi nalo. Wewe Salha mdogo sogea hapa, weka kichwa magotini pangu. Na wewe acha kukikodolea macho kile cheti ukutani. Kimeangikwa pale kwa amri, si kwa urembo. Leo nitawaambia nilikipataje.

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila limefungiwa kabatini Ikulu kwa usalama wake, maadui wasije wakalitumia. Kwa hiyo nitasema nchi yetu tu, nanyi mtajua.

*

Mwaka ule serikali ilituonea huruma. Gari la matangazo lilipita mitaani, tukakusanywa uwanjani, na Waziri wa Utulivu na Maficho, Mheshimiwa Dakta Mbwana Kitunzi, akapanda jukwaani na miwani mbili, moja machoni na nyingine mkononi.

"Ndugu wananchi," akasema, "tumefanya utafiti wa kina, na tumebaini kwamba mtu asiye na silaha ndiye chanzo kikuu cha uhalifu, maana ndiye anayeshambuliwa. Tukimwondoa mtu huyo, uhalifu utakosa pa kuanzia."

Tulipiga makofi, kwa kuwa palikuwa na askari waliokuja kutazama mikono yetu.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mimi wa darasa la saba niliielewa. Kila mtu mzima anunue bastola ndogo katika duka la serikali, aibebe ndani ya nguo, isionekane. Ikionekana, umetishia umma. Usipokuwa nayo, umeuhatarisha umma. Na baada ya siku thelathini hakuna atakayevuka kizuizi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila Kibali cha Kuogopa.

Wakaajiriwa Wakaguzi wa Maficho, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa heshima kabisa. Mkaguzi akiiona bastola yako, faini. Asipoiona, anashuku huna, faini vilevile. Basi tukajifunza kuificha nusunusu, isionekane lakini ishukiwe. Mzee Feruzi wa nyumba ya pembeni hakuwa na fedha, akauza mlango wake wa mbele, akanunua bastola ya kulinda nyumba. Alikaa kizingitini mchana kutwa akiwa na usalama wake wote.

*

Sasa nimtaje Bi Salha. Alikuwa mkunga, tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tuna meno. Nusu ya mji huu ilipita mikononi mwake kabla haijaliona jua. Kucha zake alizikata mpaka kwenye nyama, kwa ajili ya kazi. Tuliitana somo, na chumvi tuliazimana bila kuulizana.

Binti yake, Mwanahawa, alikuwa ameolewa Mtaa wa Juu, vizuizi viwili kutoka kwetu. Mimba yake ya kwanza ilitoka miezi saba, mama yake hayupo, alikuwa ameitwa kumzalisha mke wa mkuu wa wilaya. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na Bi Salha alikuwa amemshika mkono akamwahidi kwamba safari hii hata mbingu ishuke, yeye atakuwepo. Ndiyo maana alitaka kibali. Hakuwa na habari na bastola.

Tulikwenda dukani pamoja. Muuzaji alikuwa Bwana Chande, mtu wa adabu, kalamu tatu mfukoni. Akatandika kitambaa cha kijani mezani, akapanga bastola tatu, zote za kigurudumu cha risasi, akatueleza kama mtu anayeuza vitambaa vya harusi. Ya kwanza ilikuwa ndefu, chuma kitupu. Akasema hiyo ni ya heshima, ila akina mama walioipachika kwenye kanga iliteremka na kanga yenyewe. Ya pili ilitaka mkoba wa ngozi, nasi tulikuwa na vikapu. Ya tatu ilikuwa fupi kama kidole gumba, risasi tano, mpini wa plastiki wenye ua la taifa.

"Hii ndiyo ya wananchi," akasema.

Bi Salha akamuuliza ina upungufu gani mpaka iwe rahisi hivyo.

"Haina upungufu, bibi. Ila isianguke."

"Ikianguka?"

"Inasema yenyewe."

"Inaelekea wapi?"

"Hapo haichagui."

Bi Salha akaichukua kiganjani, akaipima juu na chini kama alivyopima vichanga, macho ameyafumba.

"Yule wa kwanza wa Mwanahawa alikuwa na uzito huu huu," akasema, akairudisha mezani. Kisha akaichukua tena, maana nyingine hatukuziweza. Mimi nami nikachukua kama hiyo. Zilikuwa pacha.

*

Msinione nacheka, si kicheko cha furaha. Maana bastola zile za bei nafuu ziliharibu adabu ya nchi nzima. Mnajua kijana akimwamkia mkubwa huinama kidogo. Basi wiki ya kwanza, mke wa mwana wa Mzee Feruzi alimwinamia baba mkwe wake kwa shikamoo ya kulelewa vizuri, bastola ikachomoka kiunoni, ikasema yenyewe. Iliua kuku wawili na kidole cha mguu cha mzee. Mzee alikuwa ameshaitikia marahaba. Ukatoka waraka kwamba kuanzia sasa shikamoo ni ya wima.

Kukumbatiana nako kukakatazwa, maana anayekukumbatia anakupekua bila kibali. Kwenye misiba tukawa tunapeana pole kutoka ng'ambo ya chumba. Kwenye harusi ngoma ikapigwa, watu wamekaa, wanatikisa vichwa tu. Nilimwona bibi harusi akipita katikati ya shangazi zake, kila mmoja amerudi nyuma hatua moja, mkono mmoja tumboni. Usingejua wanamwombea au wanajihadhari naye.

*

Bastola unapewa dukani. Risasi na kibali hupewi mpaka ujaze fomu katika Ofisi ya Hofu ya Wilaya.

Afisa Hofu alikuwa Bwana Ngwali. Naye alizaliwa mikononi mwa Bi Salha, kitovu kimemzunguka shingoni, rangi ya zambarau, na Bi Salha ndiye aliyemfungua akapumua. Kwa hiyo alimwamkia vizuri sana, wima. Akamjazia fomu mwenyewe. Jina, mtaa, umri. Swali la nne lilitaka mtu achore mahali alipoificha. Mpaka la nane hakukuwa na taabu.

Swali la tisa: Unamwogopa nani? Taja mmoja, jina kamili. Wanyama hawakubaliwi.

"Simwogopi mtu," akasema Bi Salha.

Bwana Ngwali akamweleza taratibu kwamba lazima awe na mtu, kwa kuwa serikali haiwezi kumpa raia risasi bila kujua zinaelekea wapi. Bi Salha akafikiri, akasema labda nyoka. Akaoneshwa maandishi kuhusu wanyama. Akasema basi anamwogopa Mungu. Bwana Ngwali akasema Mungu si mkazi wa wilaya hii. Astaghfirullah, yeye ndiye aliyesema, si mimi. Akajaribu kifo, akaambiwa hakina anwani. Mwisho Bi Salha akasema hatasingizia mtu, akaiacha fomu pale na swali la tisa likiwa jeupe.

Mimi nilijaza yangu meza ya pili, kwa kalamu iliyofungwa uzi. Nilichoandika mtakisikia. Msinikatize.

Ukutani palikuwa na bango, nikalisoma mara tatu. Lilisema kwamba aliyetajwa atapelekewa barua ya kuarifiwa kuwa ameogopwa. Chini yake palikuwa na Kifungu cha Wawili. Wakiogopana wawili, yaani huyu kamtaja yule na yule kamtaja huyu, wataitwa baada ya siku saba katika Nyumba ya Maelewano, kila mmoja na bastola yake. Mlango wa kuingilia ni wa watu wawili. Mlango wa kutokea ni wa mtu mmoja. Atakayetoka atapewa Cheti cha Utulivu na atakiangika sebuleni.

Tulidhani ni maneno ya bango tu. Lakini palikuwa na ndugu wawili vinyozi, Shaame na Hemedi, baba mmoja mama mmoja, kiti chao kimoja cha kunyolea. Walikaa wakashauriana, wakaona dawa ya swali la tisa ni kuandikana wao kwa wao, maana nani atapata madhara? Wakacheka, wakaenda kujaza. Siku ya nane Shaame alifungua duka peke yake. Juu ya kioo alikuwa ameangika cheti chenye mhuri wa zambarau na maua pembezoni. Watu waliendelea kunyoa kwake. Hakuna aliyeuliza, na wembe wake haukutetemeka.

Ndiyo, mwanangu, maua kama yale pale. Nimekwambia usikitazame.

*

Baada ya vinyozi, mji ulishikwa na ubaridi. Kila mtu alitafuta jina la kuandika, na jina lilitakiwa liwe la mtu ambaye hatakuandika nawe. Sasa mtu wa namna hiyo utampata wapi, katika mji ambao kila mmoja lazima aandike?

Alikuwepo mmoja. Jirani aliniuliza kisirisiri, Bi Kidawa, wewe ulimtaja nani? Nikamnong'oneza. Mmoja tu. Sikunong'oneza wa pili.

Barua ya kwanza kwa Bi Salha ilisema: "Tuna heshima kukuarifu kwamba umeogopwa na mkazi mmoja. Jina linahifadhiwa." Alinisomea kupitia ukuta wetu, akacheka mpaka machozi, ufizi mtupu. Akasema labda ni kitoto fulani alichokipiga kofi la kuzaliwa miaka arobaini iliyopita, sasa kimekumbuka. Nami nikacheka.

Kesho yake zikaja kumi na moja. Wiki iliyofuata mtu wa posta hakukubali tena kukaribia mlango, akawa anarusha mafungu juu ya ukuta, yakianguka uani kama viatu. Mwisho wa mwezi ilikuja moja ya jumla, yenye ngao ya taifa: umeogopwa na wakazi elfu mbili mia tatu na arobaini. Hakukuwa na raia aliyewahi kufika idadi hiyo. Kizuizi kikawekwa mdomoni mwa mtaa wetu, na askari wawili. Duka la mtaa likafungwa. Madirisha yakafungwa. Watoto waliozalishwa naye walivushwa upande wa pili na mama zao waliozalishwa naye.

Jibu la kitendawili mnalo sasa. Hana jino, hana kucha.

Jambo moja sitalisahau. Mchana watu walikuwa bado wanamjia dirishani kwa dawa ya tumbo na ya homa ya mtoto. Mkono mmoja unapokea dawa. Mwingine uko ndani ya nguo. Bi Salha aliwatazama ile mikono ya pili. Mwanzo alitania, akiuliza kama wanawashwa. Baadaye hakutania tena.

*

Asubuhi moja mkwewe alipiga simu. Uchungu wa Mwanahawa ulikuwa umeanza alfajiri, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya vizuizi vitatu, na wauguzi wenyewe walikuwa hawajamaliza kujaza fomu.

Mtoto yule alitoka salama kabla jua halijaelekea magharibi, kwa mikono ya bibi yake, nalisema mapema msije mkalia mahali pasipotakiwa. Ni huyu hapa magotini pangu. Lakini saa ile, saa tatu ya asubuhi, hatukujua hilo. Bi Salha alibeba kikapu chake chenye uzi, wembe mpya na kitambaa cheupe, nami nikamfuata mpaka Ofisi ya Hofu. Alipopita, foleni ya watu sitini ilijibana ukutani, nyuso zimegeukia matofali.

Ndani tulimkuta Waziri Kitunzi mwenyewe. Alikuwa amesafiri kutoka makao makuu kuja kumwona. Akamzunguka, akamtazama kandambili zake na kikapu, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Ngwali. Nilisikia wivu katika sauti ile. Baadaye tuliambiwa kwamba yeye, waziri mzima, alikuwa na watu kumi na wanne tu kwenye faili lake, na wanne kati yao ni wa nyumbani kwake.

Bi Salha akamwambia hana muda, mwanawe yuko katika uchungu, anaomba kibali avuke. Waziri akaketi, akazungumza polepole kama mwalimu.

"Bibi, mtu anayeogopwa na wote, naye hamwogopi yeyote. Nchi hii ina nafasi moja tu ya mtu wa namna hiyo, na nafasi hiyo ina mwenyewe. Jaza swali la tisa utembee. Usipojaza, sina budi kudhani unaitaka nafasi yake."

Wote mle ndani tukatazama picha iliyokuwa ukutani, kisha tukatazama sakafu.

Bi Salha akauliza kama anaweza kuliandika jina la Mheshimiwa Waziri. Waziri akatabasamu, akasema yeye si mtu, ni ofisi.

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo. Bi Salha akaiangalia, akahesabu kitu kwa vidole, nadhani ni uchungu wa Mwanahawa, unakuja baada ya dakika ngapi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza kama sheria inamruhusu aliyeogopwa kujua nani alimwogopa. Ngwali akafunua kitabu chake cha kanuni, akasema inamruhusu jina moja tu, la kwanza kuandikwa. Akaleta daftari, akapitisha kidole, akasimama. Alinitazama mimi. Nikamfanyia ishara ya kichwa, ndogo, ya kumkataza. Lakini Waziri alikuwa amekaa pale, naye Ngwali alikuwa na watoto.

"Kidawa binti Mshangama," akasoma. "Tarehe mbili, meza ya pili. Wa kwanza katika wilaya nzima."

Wanangu, nimewahi kuzaa mara sita na kuzika mara mbili, sijapata kusikia jina langu likisomwa vile.

Bi Salha hakupandisha sauti.

"Somo, ulijua mimi sitakuandika?"

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia ndiyo sababu hasa. Nilitaka jina lisilo na madhara, na katika mji mzima lilikuwa lake tu.

"Basi hukuniogopa."

"Hata kidogo, somo. Haki ya Mungu."

Alianza kutabasamu, ufizi ukaonekana, nami nikaona mambo yamekwisha, tutakwenda zetu. Ndipo Waziri alipokohoa. Akanikumbusha, kwa upole mwingi, kwamba taarifa ya uongo katika fomu ya serikali ni kifungo cha miaka kumi bila faini, na kwamba kwa umri wangu kumi ni mingi. Akaniomba nisaidie kuweka kumbukumbu sawa. Je, niliidanganya serikali, au ninamwogopa huyu mama?

Niliwakumbuka baba zenu na mama zenu. Ndivyo ninavyojiambia. Huenda nilijikumbuka mimi tu.

"Namwogopa," nikasema.

Ngwali akaandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu kwa neno fupi kama lile.

Bi Salha hakunitazama usoni. Alitazama chini, kiunoni pangu, nami nikayafuata macho yake. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya kanga. Sijui uliingia saa ngapi. Sikuutuma.

Ngwali akaiweka fomu mbele yake, ile ile ya mwezi uliopita, swali la tisa bado jeupe, akauliza kwa sauti iliyokauka kama mtu aliyefungwa kitovu shingoni mara ya pili: unamwogopa nani, mama?

Bi Salha akaiweka sawa kanga yake, akaikaza mara mbili kiunoni kama alivyofanya siku zote kabla ya kumzalisha mtu, akakiinua kikapu.

"Andika," akasema. "Kidawa."